Mwaka Kuku wa Shangazi Walipoacha Kutaga

Siku ya pili baada ya kumzika Amina, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa matanga hapa Arua, kikombe cha chai kimepoa mkononi, binti mmoja wa jirani aliyekuwa akitugawia mandazi akaniinamia na kuniuliza, "Mama, marehemu alikuwa nani kwako?" Lilikuwa swali la adabu tu, ambalo matangani kila mtu huulizwa na kila mtu ana jibu lake tayari. Mimi sikuwa nalo. Aliwahi kuwa wifi yangu, lakini kwa muda mfupi, na waliomtoa katika uwifi ule walikuwa watu wa damu yangu. Nilimjibu kwamba tuliishi pamoja. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa mgeni mwingine, na mimi nikabaki na mshtuko ambao nimekuwa nao kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilidhani ungepungua nikizeeka. Kila nikiutazama mwaka ule kwa akili ya utu uzima nauona wa ajabu zaidi kuliko nilivyouona nikiwa msichana.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu sisi wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, turudi kutoka Sudan. Jinsi tulivyokimbia, na nani alipotelea wapi, wengine wameeleza vizuri kuliko mimi. Mimi naanzia kwenye nyumba ya Shangazi Halima, kando ya barabara iendayo Oraba, nikiwa na miaka kumi na sita hivi. Sebuleni kulikuwa na viti viwili, mkeka mkubwa, na dirisha ambalo fremu yake iling'olewa tulipokuwa ukimbizini, hata misumari haikuachwa. Jikoni kulikuwa nje, kibanda cha nyasi chenye moshi mchana kutwa, ambako tulipika ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim, na asubuhi gurusa, ile mikate myembamba ya Wanubi ambayo Shangazi aliimimina kikaangoni kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukishika tasbihi. Shangazi alikuwa mtu mwema. Naliweka hili mbele kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji asiniamini. Dereva wa lori aliyeharibikiwa mbele ya nyumba yetu hakulala na njaa. Mjane aliyekuja kuomba chumvi aliondoka na chumvi na kisahani cha maharage. Mtoto wake aliyebaki alikuwa mmoja, Rajabu, aliyechuuza sabuni na chumvi mpakani Oraba, na Rajabu alikuwa na mke aliyemwoa ng'ambo, Amina. Mimi nilikuwa msichana wa nyumba, mpwa. Tulikuwa wanne, na kwa miezi ya mwanzo naweza kusema tulikuwa na furaha.

Kisha wakaja kuku. Misheni moja iliyokuwa upande wa Ombaci iliwagawia kina mama waliorudi kuku wa mayai, na siku moja pikapu ikasimama mbele ya nyumba yetu ikiwa na matenga ya mbao. Walikuwa wa rangi ya kahawia wote, kama waliozaliwa siku moja na mama mmoja, vilemba vyekundu vikubwa, na midomo yao ilikuwa imekatwa ncha. Hilo tu lilitosha kutushangaza. Shangazi aliyazunguka matenga, akachungulia moja baada ya jingine, kisha akamgeukia bwana wa kuku aliyekuwa akiwashusha.

"Jogoo iko wapi?"

"Hakuna jogoo, mama. Hawa wanataga bila jogoo."

"Bila jogoo?"

"Bila jogoo kabisa. Jogoo ni wa vifaranga. Yai, kuku anatengeneza mwenyewe ndani ya mwili wake. Akipata chakula, akipata maji kila siku, asipotishwa, atakupa yai karibu kila siku."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba sufuria hupika bila moto. Nakumbuka bwana yule aliendelea kueleza kuhusu pumba na dagaa waliotwangwa, kuhusu kusaga maganda ya konokono ili maganda ya mayai yawe magumu, kuhusu maji, akisisitiza maji, maana kuku akikosa maji siku moja hulipiza siku nyingi. Kuhusu mwanga hakusema neno. Nadhani haikumpitia akilini kwamba mtu angeweza kuwafungia kuku gizani.

Habari ya mayai yasiyo na baba ilizunguka Koboko haraka kuliko bei ya mafuta. Wazee walioketi barazani kwa fundi cherehani waliijadili kwa uzito. Mmoja, askari wa zamani aliyezoea Kiswahili cha kambini, nilimsikia akisema nikipita na ndoo ya maji: "Kuku hii iko kama mwanamke nazaa bila bwana. Mayai yake mimi hapana kula." Mwenzake akamwambia, "Wewe kule Sudan ulikula nyani, leo unakataa yai?" Wakacheka mpaka wakakohoa. Shehe akaulizwa, akasema yai ni yai, kuleni. Kwetu tulikula. Shangazi aliyakaanga na vitunguu na kuyakunja ndani ya gurusa, na mengine yaliuzwa kwa madereva wa Oraba, na nyumba ikapata harufu ya nyumba ya watu wanaoishi, harufu ambayo kwa miaka mingi hatukuwa nayo.

Kuku walikuwa wa Shangazi, lakini mikono iliyowalea ilikuwa ya Amina. Alinizidi umri kwa miaka mitatu au minne, mrefu, sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kukutazama usoni mpaka umalize kusema. Aliwajua kuku mmoja mmoja ingawa mimi niliona wote ni yule yule. Siku moja lori lilimgonga mmoja wao barabarani, Rajabu akawahi kumchinja kabla hajafa, na Amina akampasua akiwa ameketi kwenye kigoda jikoni, mimi nikishika beseni. Aliponyoosha kidole na kufungua tumbo, sote wawili tuliinama kutazama. Ndani, kando ya uti wa mgongo, kulikuwa na shada la viini. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, njano iliyoiva, kama kile unachokiona kikaangoni. Kilichofuata kidogo zaidi, kingine kidogo zaidi, vikishuka hivyo mpaka vikawa kama punje za mtama, na chini ya punje vingine vidogo hata jicho halikuweza kuvitenga. Na kwenye mrija mpana unaokwenda nje kulikuwa na yai zima, ganda tayari, bado lina unyevu, lililokuwa litoke siku ile ile.

"Subhanallah," Shangazi alisema nyuma yetu. Alikuwa amekuja bila sisi kumsikia. "Yote haya alikuwa nayo?"

"Yote, mama," Amina akajibu. "Yanangoja zamu."

Nilimwona Amina akiweka mkono tumboni mwake, si kwa kuligusa bali kwa kuusahau pale. Alikuwa ameolewa miaka minne bila mtoto. Sikujua kwamba Shangazi naye alikuwa akiutazama mkono ule.

Mambo yalianza kubadilika wezi walipoingia mtaani. Barabara ile ilipitiwa na watu wa kila aina, na ng'ambo ya mpaka vita vilikuwa vikisogea, siku nyingine tulisikia milio ya bunduki upande wa Kaya. Jirani yetu aliamka akakuta banda lake tupu. Shangazi hakungoja zamu yake. Aliamuru kuku wahamishiwe kwenye stoo ya nyuma, chumba cha udongo ambacho zamani kiliwekewa mihogo, na tundu lake moja la dirisha Rajabu akaliziba kwa bati na kuligongomea. Mlango ulifunguliwa kuingiza chakula na maji tu, ukafungwa. Amina alisema siku ile ile, kwa heshima, kwamba mle ndani kuku hawaoni hata chakula chao. Shangazi akamwambia, "Heri wasione chakula kuliko mimi nisiwaone wao."

Kwanza mayai yalipungua, mtu angeweza kusema ni joto. Kisha yakawa ya kuokoteza, leo moja, kesho hakuna. Vilemba vilivyokuwa vyekundu vikapauka na kunywea. Amina aliwaongezea dagaa, akabadilisha maji asubuhi na jioni, akawapekua mabawa kutafuta viroboto. Alikuwa akiingia mle stoo na kukaa nao, nami nilimwona akitoka na vumbi la pumba kwenye nywele, uso wake umechoka. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeingia na kutoka, yeye ndiye aliyeonekana. Maneno sikuyasikia yakianza. Niliyasikia tayari yakiwa yamekomaa, nikichambua mchele nyuma ya jiko, wanawake wawili waliokuja kumsalimia Shangazi wakizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama watu wanaozungumzia mvua.

"Tumbo imefungwa, sasa iko nafunga na ya wengine."

"Mutu kama huyo hapana weka karibu na kitu inazaa."

Nilisubiri Shangazi awafukuze. Nilisubiri kwa hakika, kama unavyosubiri mtu unayemjua afanye jambo analolifanya siku zote. Badala yake nikamsikia akisema, "Na mimi nimeona."

Kesho yake aliamuru Rajabu achinje kuku mmoja, si kwa mboga, bali aone kilicho ndani. Safari hii Shangazi alimpasua mwenyewe. Alifungua pale pale tulipofungua sisi, kando ya uti wa mgongo, na hapakuwa na shada. Kulikuwa na kitu kidogo cha kijivu chenye chembechembe kama mchanga uliokwama kwenye kitambaa, na ule mrija mpana ulikuwa umesinyaa kama kamba. Hata leo, ninapojua kwamba kuku aliyekosa mwanga kwa wiki nyingi hufunga kazi mwilini mwake na kujikunja hivyo, na kwamba akiupata tena hujifungua, hata leo picha ile hunitisha. Shangazi aliangusha kisu, akarudi nyuma. Hakuwa akiigiza, na hilo ndilo lililonishtua zaidi: niliona hofu halisi kwenye uso wa mtu niliyempenda, na hofu ile ilipokosa pa kwenda ikageuka polepole mpaka ikamfikia Amina aliyesimama mlangoni na ndoo ya maji.

"Umewakausha," alisema.

Walikaa sebuleni alasiri ile, Shangazi, Rajabu, na wazee wawili wa ukoo. Mimi nilipelekwa jikoni, lakini dirisha lisilo na fremu halizuii sauti. Amina alisema maneno machache. Alisema hajafanya kitu, kwamba kuku wale wako gizani, fungueni bati muone. Mzee mmoja akamwambia asilete habari za bati, anaulizwa habari za jicho lake. Rajabu aliulizwa anasemaje juu ya mke wake. Niliacha kukoroga uji nisikie. Rajabu, aliyemwoa bila kulazimishwa, aliyemletea hina kutoka Yei, akasema, "Mama yangu ndiye ameona. Mimi nitasema nini?" Ndani ya saa ile Amina alikuwa anafunga nguo zake kwenye kanga. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kula kuku walioangaliwa na jicho lake, wazee wakashauri achukue wawili kati yao, aondoke na uchafu wake. Aliwafunga miguu, akawabeba vichwa chini, akapanda lori la Arua. Nilitaka kumwita. Lori lilikuwa limeshaingia kwenye vumbi lake.

Wiki zilipita, sikumbuki ngapi. Shangazi alinituma Arua kununua kitambaa na dawa ya macho, nami nikauliza kwa watu wa Koboko walioko mjini mpaka nikampata. Alikuwa amepanga chumba kimoja chini ya Arua Hill, mlima wenye ofisi za serikali na zile nyumba kuukuu za wakoloni, na alikuwa akifua nguo katika nyumba mojawapo. Chumba kilikuwa na mkeka, sigiri, sufuria mbili, na baraza ya saruji iliyopasuka inayotazama mashariki. Alinikumbatia, akanikalisha, akaanza kupika bila kuniuliza kama nina njaa. Aliinama kwenye kikapu kilichokuwa kona ya baraza, na aliponyooka alikuwa na mayai mkononi.

"Umenunua?" nikamwuliza.

"Ni yao."

Sikumwelewa. Akaninyooshea kidole uani. Kuku wawili wa kahawia walikuwa wakipekua takataka juani, vilemba vimesimama vyekundu kama siku waliyoshushwa kwenye pikapu. Nilihisi kichwa kikizunguka, nikakaa vizuri. Wale ndio waliokaushwa. Wale ndio tuliowaaga kama maiti.

"Umewapa nini?"

"Zubeda, na wewe?" Alinitazama kwa namna ambayo niliona haya. "Nimewapa nini mimi? Pumba, maji, makombo. Hata dagaa sina. Kule nilikuwa nawapa chakula kizuri kuliko hiki."

Basi tukakaa pale na mayai ya kukaanga tukalinganisha, kama wanawake wanaolinganisha mapishi. Chakula: kule kilikuwa bora. Maji: sawa. Kelele: hapa zaidi, maana magari ya ofisi yalipanda na kushuka. Kilichobaki ni kimoja tu. Kule walikaa gizani, hapa jua liliwaamsha likichomoza na kuwaacha likizama. Amina alikuwa ameshajua. Alilisema sebuleni siku ile, akaambiwa asilete habari za bati.

Nilirudi Koboko na mayai manne nimeyafunga kwenye kitambaa kipya cha Shangazi, nikiyapakata njia nzima huku lori likiruka mashimo. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Niliamini nabeba ushahidi. Nilimkuta Shangazi akichagua maharage, nikayaweka mbele yake, nikamweleza yote, kuku wale wale, uani, juani, bila dawa. Alichukua yai moja akalizungusha vidoleni. Kisha akanitazama kwa huruma.

"Umeona sasa? Alikuwa nayo. Mayai yetu yote alikwenda nayo."

Nilikuwa nimeleta kitu kinachoonekana na kushikika, kizito mkononi, nacho kimegeuzwa mbele ya macho yangu kikawa shahidi wa upande mwingine. Kwa mara ya kwanza maishani niliogopa watu wazima. Sikuogopa kupigwa, hilo nililizoea. Niliogopa kwamba hakuna kitu duniani ambacho ningeweza kukileta kikawabadilisha.

Nililobakiza ni bati. Nilimwomba Rajabu alitoe aweke waya, nikimwambia kwamba stoo inanuka na kuku watakufa kwa ugonjwa, maana sababu ya kweli isingesikilizwa. Akalitoa. Sijui aliamini nini. Alifanya kazi ile akiwa amenipa mgongo, na alipomaliza alisimama muda akitazama mwanga uliolala juu ya mbolea ya kuku. Wiki kadhaa baadaye vilemba vilianza kurudi, na asubuhi moja Shangazi alitoka stoo akipiga vigelegele, ameshika yai lenye doa la damu kwenye ganda, la kwanza. Majirani wakaja. Akawaambia wote, uso unang'aa, "Tangu yule aondoke, nyumba imefunguka." Wakaitikia alhamdulillahi. Nilisimama pale na ufagio mkononi. Nilikuwa nimewafungulia kuku, na kwa kuwafungulia nikawa nimemfungia Amina kabisa.

Laiti mambo yangeishia hapo, huenda leo ningekuwa nimesahau. Lakini kuku wa mayai, akishataga karibu mwaka mzima, hupumzika mwenyewe. Manyoya yake huanguka, mwili huacha mayai na kujenga manyoya mapya. Wale wetu walikuwa wamefikia hapo, na labda milio ya ng'ambo, iliyozidi miezi ile, iliwaharakisha. Siku moja stoo ilijaa manyoya kana kwamba mtu amepasua mito. Kuku walitembea uchi shingoni, wakatoa mayai machache yenye ganda laini kama ngozi, halafu wakaacha. Shangazi aliketi sakafuni. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Ametufuata kutoka kule kule."

Ndiyo maana tukaenda Arua, Shangazi, Rajabu na mimi, na kuku mmoja mwenye mgongo mtupu ndani ya kikapu. Sikuambiwa tunakwenda kufanya nini. Nilidhani ni kumtukana. Amina alitufungulia mlango mikono ina povu la sabuni, na kabla hajatukaribisha, Shangazi, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akimwinamia mtu, alipiga magoti kwenye ile baraza iliyopasuka.

"Mwanangu, wafungulie."

Amina alirudi nyuma hatua moja. "Mama, simama. Simama, tafadhali. Utanitia dhambini."

"Sisimami. Tulikukosea kukufukuza vile. Wafungulie, yaishe. Urudi nyumbani. Chumba chako kipo, mume wako huyu hapa. Sema neno tu, mbele yetu, kwamba ulifunga na sasa umefungua."

Nilimtazama Rajabu. Alikuwa amekonda. Alikuwa hajaoa mwanamke mwingine, na machoni mwake niliona kwamba alimtaka mkewe. "Sema tu, Amina," alisema. "Ni maneno. Sema, twende nyumbani."

"Wewe unaamini mimi nilifunga?"

"Mimi sijui."

"Hujui. Ulilala na mimi miaka minne, hujui?"

"Watu wanaamini. Ukisema umefungua, watakusamehe. Wazee wameshakubali."

Amina alijifuta mikono kwenye kanga. Akamtoa kuku kikapuni, akaketi naye mapajani, akapuliza mgongo wake polepole. Kwenye ngozi ile nyekundu kulikuwa kumejaa miiba midogo ya buluu, manyoya mapya yakichomoza. "Mama, njoo uguse," alisema. "Anabadilisha manyoya. Wangu pia wanafanya hivi, hawajamaliza, wapo pale. Mpe chakula, ngoja. Atataga tena. Mimi sina neno la kumwambia."

Shangazi hakugusa. "Manyoya ni manyoya," alisema. "Mimi nakuomba neno."

Nilijua neno lile lingemgharimu nini na lingemrudishia nini. Lingemrudishia chumba chenye kitanda, jiko, mume, mahali pa kuitwa kwa jina. Asubuhi zake zingeacha kuwa za kufua mashuka ya watu. Na kila mtoto atakayeugua mtaani, kila mbuzi atakayetupa mimba, wangekuja kugonga kwake. Nadhani hata hivyo, kwa wakati ule, mimi mwenyewe nilitamani aseme. Nilitaka tu twende nyumbani.

"Nirudi nikiwa mchawi aliyesamehewa?" Amina aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Kama ni hivyo, hapana. Karibuni chai."

Shangazi aliinuka kwa kushika ukuta. Chai hakuinywa. Aliniambia, "Zubeda, twende," akashika njia bila kugeuka. Rajabu alimtazama mkewe, kisha akamfuata mama yake. Kikapu waliacha. Mimi miguu yangu haikuinuka. Sikuamua jambo lolote. Ningependa kusema niliamua. Nilisikia Shangazi akiniita tena kutoka barabarani, mara moja, halafu sikusikia kitu.

Rajabu alioa mwaka uliofuata. Kuku wa Koboko, nilikuja kuambiwa, walivaa manyoya mapya wakataga tena, na sijui safari ile alishukuriwa nani. Amina hakuzaa, wala hakuolewa tena, ingawa alitakwa na watu wazima wenye heshima zao. Shangazi alifariki akiwa bado ananitumia salamu kupitia madereva, salamu za mapenzi ya kweli, na hakuna hata moja iliyomtaja Amina.

Lakini nikikumbuka Amina, sikumbuki yale aliyoyasema mlangoni. Nakumbuka kilichofuata, jua likiwa bado juu ya Arua Hill, baada ya wao kupotea kwenye kona. Alikwenda kwenye sigiri kuwasha mkaa, na kiberiti kikamshinda. Njiti ya kwanza ikavunjika, ya pili ikaanguka, kisha kisanduku kikamponyoka na kumwaga njiti zote sakafuni. Akanitazama, macho yamemtoka, mtu aliyeshtuka kuliko sisi wote.

"Zubeda, nimefanya nini?"

Nilimwambia akae. Nikaokota njiti, nikawasha mkaa, nikapika uji mzito wa muhogo kwa sababu ndio unga niliouona, na tukaula kwenye sufuria moja, mlango wazi, yeye akimeza kidogo kidogo huku machozi yakimtoka bila sauti, mpaka sufuria ikawa tupu.